Mto Msimbazi na Wanafunzi Wanaoupima

1. Mvua ya Kariakoo

Mvua ya masika inyeshapo Kariakoo, wauza nguo hukimbilia kufunika bidhaa zao kwa turubai, wachukuzi huacha mikokoteni na kujibanza barazani, na baada ya muda mfupi njia zote huwa maji matupu. Mvua ikikatika, maji hupungua kidogo kidogo, na kila mtu huirudia kazi yake. Ni wachache waulizao, “Maji yale yamekwenda wapi?” Tena ni wachache zaidi waulizao, “Yamechukua nini?”

Kariakoo ni sehemu ya zamani ya mji wa Dar es Salaam. Jina lake limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita, ambao kambi yao ilikuwa mahali hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Ardhi yake ni kama tambarare, hata mgeni hudhani kwamba maji hayana pa kwenda. Lakini maji hufuata mkondo, nayo huuona mteremko hata pale ambapo jicho la mtu haliuoni. Upande mmoja ardhi yashuka polepole mpaka Jangwani, na hapo ndipo upitapo Mto Msimbazi. Upande wa pili yashuka kuelekea Gerezani, palipo na mkono wa bahari. Basi matone mawili yaliyoanguka mtaa mmoja huweza kuachana njia, moja likaenda mtoni na jingine likaenda bandarini.

Tone liendalo Jangwani haliendi peke yake. Limepita juu ya bati, juu ya lami, kando ya karakana, kando ya choo kilichojaa, na juu ya maganda ya ndizi yaliyotupwa mtaroni. Katika kila mahali limechukua kitu. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo, ambaye huenda hajaukanyaga ukingo wa Msimbazi hata siku moja, ana mkono wake katika mto huo.

2. Bonde la mto ni nini?

Nchi yote ambayo maji yake ya mvua hushukia mto mmoja huitwa bonde la mto huo. Mpaka wa bonde haukuwekwa na serikali wala na mzungu mpima mashamba. Umewekwa na migongo ya ardhi. Mvua iangukayo upande huu wa mgongo ni ya mto huu, na iangukayo upande wa pili ni ya mto mwingine.

Mfano mzuri wa jambo hili ulikuwa sokoni penyewe. Jengo kubwa la Soko la Kariakoo lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na mwezi wa Julai 2021 liliungua moto. Paa lake lilijengwa mfano wa miamvuli ya saruji iliyogeuzwa juu chini. Tone lililoanguka juu ya mwamvuli mmoja lilielekea katikati ya mwamvuli ule ule, wala halikwenda kwa jirani. Basi kila mwamvuli ulikuwa bonde dogo, na ukingo wake ulikuwa mgongo.

Bonde la Msimbazi ni kubwa kuliko hayo. Mto huanza katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, penye msitu. Hushuka ukapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, hukatiza Barabara ya Morogoro hapo Jangwani, huingia katika mikoko, kisha hupita chini ya Daraja la Selander na kuingia Bahari ya Hindi. Urefu wake ni kama kilometa 35. Bonde lake lina eneo la karibu kilometa za mraba 290.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimeta 1 juu ya meta moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Ikinyesha mvua ya milimeta 50 katika bonde lote, kila meta ya mraba itapata lita 50. Kilometa za mraba 290 ni meta za mraba milioni 290. Kwa hiyo bonde zima litapata meta za ujazo milioni 14 na nusu. Msituni sehemu kubwa ya maji hayo huzama katika majani makavu na udongo, kisha hutoka polepole kwa siku nyingi. Mjini hayapati pa kuzama. Bati halinywi maji, wala lami hainywi. Yote hukimbia pamoja, nayo hufika Jangwani pamoja.

3. Chuo juu ya mgongo

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, kwenye mtaa uitwao sasa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, mahali ambapo watu wengi hupaita Mlimani. Kilima hicho nacho ni mgongo wa ardhi. Mvua ya upande mmoja hushukia Mto Mlalakua, uendao baharini kwa njia yake mwenyewe. Mvua ya upande wa pili hushukia vijito vya Ubungo na Sinza, na vijito hivyo ni mikono ya Msimbazi. Hivyo hata maji ya mlangoni pa wenye elimu yamo katika mto ule ule upitao Jangwani.

Karibu na hapo kiko Chuo Kikuu Ardhi. Katika vyuo hivyo viwili wako wanafunzi wanaosoma elimu ya maji, uhandisi na mazingira. Wanafunzi wa namna hiyo hawawezi kuhitimu kwa kusoma vitabu tu. Hapana budi watoke, wavae viatu vya mpira, wabebe kamba, chupa na daftari, wakaujue mto kwa mikono yao. Kazi ya namna hiyo huitwa mafunzo kwa vitendo.

Sheria ya kwanza ya kazi hiyo ni hii: mto haujulikani kwa kutazamwa mahali pamoja. Anayesimama darajani Jangwani huona maji meusi, naye husema, “Mto huu ni mchafu.” Neno lake ni kweli, lakini halimfai mtu. Uchafu uliingia wapi? Uliingizwa na nani? Uliingia kwa siku zote au siku ya mvua tu? Mtu wa bondeni humlaumu mtu wa juu, na mtu wa juu husema kwamba kwake maji hupita safi. Ndipo hapo kipimo huwa mwamuzi.

4. Kupima wingi wa maji

Jambo la kwanza ni kujua ni maji kiasi gani yapitayo. Ziko mashine za kupima mwendo wa maji, lakini kwanza mwanafunzi hufundishwa njia rahisi ambayo haihitaji fedha. Hutafutwa mahali ambapo mto umenyoka. Hupimwa upana wake kwa kamba, na kina chake kwa fimbo yenye alama, mahali pengi kutoka ukingo huu hata ukingo ule, kisha hutafutwa wastani. Halafu hupimwa meta 10 kandokando ya mto, mmoja husimama juu na mwingine chini, na chungwa hutupwa majini. Chungwa linafaa kuliko jani au kijiti, maana huelea huku sehemu yake kubwa imezama. Upepo hauwezi kulisukuma.

Tuchukue kwamba chungwa limetumia sekunde 20 kupita meta 10. Basi mwendo wa maji ya juu ni nusu meta kwa sekunde. Lakini maji ya chini huenda polepole kwa sababu ya kusuguana na mchanga na mawe. Kwa hiyo mwendo huo huzidishwa kwa 0.85, na jibu ni meta 0.425. Kama upana wa mto ni meta 4 na kina chake ni nusu meta, eneo la maji ni meta za mraba 2. Zidisha 2 kwa 0.425, utapata meta za ujazo 0.85, yaani lita 850 kila sekunde.

Kazi hiyo hurudiwa mara tatu au zaidi, na kila mara huandikwa siku, saa, na kama mvua ilinyesha jana. Kipimo kisichoandikwa siku yake ni kama barua isiyo na jina la aliyeiandika.

5. Kupima hali ya maji

Jambo la pili ni kujua maji yana hali gani. Wanafunzi hupima joto lake, utope wake, chumvi zake, na hewa iliyomo ndani yake ambayo samaki huivuta. Huchukua maji katika chupa safi, huzibandika alama, na kuzipeleka katika maabara zikatafutwe vijidudu vya kinyesi na madini yasiyoonekana kwa macho.

Hapa pana hekima kubwa. Tuseme mtaro wa viwanda waingia mtoni mahali fulani. Mwanafunzi hachukui chupa moja tu penye mtaro. Huchukua moja juu ya mtaro, na ya pili chini yake. Kama chupa ya juu ni safi na ya chini ni chafu, mtaro umejulikana. Kama zote mbili ni chafu sawasawa, mtaro haukuwa na kosa, na kosa litafutwe juu zaidi. Chupa moja huweza kumhukumu asiye na hatia, bali chupa mbili huondoa ubishi. Hivyo wapimaji huuandama mto mahali baada ya mahali, toka Pugu hata mikokoni, na huliona kosa pale lilipozaliwa.

Jambo la tatu huwashangaza watu wengi: maji hupimwa kwa wadudu. Mashine hueleza hali ya maji ya saa ile tu. Mwenye kiwanda akimwaga uchafu usiku, mashine ya mchana huenda isiuone. Lakini watoto wa wadudu wakaao chini ya mawe na katika majani ya mtoni huishi humo majuma na miezi. Maji yakiharibika hata usiku mmoja, walio dhaifu hufa, na asubuhi hawapo. Wadudu hao ni mashahidi wasiolala.

Wataalamu wa Afrika ya Kusini waliweka kipimo cha namna hiyo, na mwaka 2015 kilitangazwa kipimo cha mito ya Tanzania kilichotokana na kile. Mwanafunzi huingia katika kijito kisicho na kina, huyasugua mawe kwa miguu, na wavu hukinga chini ya mkondo. Kinachopatikana humiminwa katika sinia nyeupe na kutazamwa. Kila jamaa ya wadudu ina alama zake. Wale wasiostahimili uchafu hupewa alama nyingi. Wale waishio hata katika maji mabovu, kama minyoo na viluwiluwi vya mbu, hupewa alama chache sana. Alama zote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa hesabu ya jamaa zilizoonekana.

Tazameni mfano. Katika kijito cha kwanza zimeonekana jamaa nne zenye alama 13, 12, 8 na 3. Jumla ni 36. Gawanya kwa 4, wastani ni 9. Katika kijito cha pili zimeonekana jamaa nne zenye alama 1, 1, 2 na 3. Jumla ni 7. Gawanya kwa 4, wastani haufiki 2. Mfikirini mtu asiyejua jina la mdudu hata mmoja: akizitazama hesabu hizo mbili, je, hataweza kuchagua kijito cha kuteka maji?

6. Kipimo na maisha ya watu

Mtu aweza kuuliza, “Kazi hii yafaa nini? Maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka hasa Mto Ruvu, Msimbazi haunywewi.” Jibu ni kwamba mto usionywewa huweza kuua.

Mwezi wa Desemba 2011, katika mvua za vuli, Dar es Salaam ilipata mafuriko makubwa. Ilisemwa kwamba mvua ya namna ile haikupata kuonekana tangu mwaka 1954. Msimbazi uliacha njia yake, ukafunika nyumba za Jangwani na mahali pengine, na watu zaidi ya 40 walikufa katika mji. Serikali iliwapa viwanja Mabwepande, mbali na mji, baadhi ya watu waliopoteza nyumba zao. Lakini wengine walirudi bondeni. Wasiojua huwacheka na kuwaita wajinga. Si ujinga. Anayeuza chai au kubeba mizigo Kariakoo hupata chakula cha siku kwa kazi ya siku. Akikaa mbali, nauli hula faida yake. Mtu huyo anaijua hatari ya maji, naye anaijua pia hatari ya njaa. Basi kumwambia tu, “Toka bondeni,” hakutoshi. Sharti ijulikane ni nyumba zipi hasa zilizo hatarini, maji hufika wapi, na mitaro ipi ikifunguliwa itaokoa mtaa upi.

Ili hayo yajulikane, ramani ilihitajika. Mwaka 2011, kabla ya mafuriko yale, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wameshirikiana na wenyeji wa Tandale kuchora ramani ya mtaa wao. Mwaka 2015 ilianza kazi kubwa zaidi iitwayo Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo viwili vile walitembea katika kata zinazopatwa na mafuriko, pamoja na wenyeji wake. Waliandika majumba, vichochoro na mitaro. Kwa kila mtaro waliuliza: upana wake ni kiasi gani? Kina chake? Umejengwa kwa saruji au ni udongo mtupu? Umezibwa na taka?

Pia waliwauliza wenyeji maji ya mafuriko yalifika wapi. Mwenyeji huweza kuonyesha mahali kwa mkono wake: “Yalinifika kiunoni, alama yake hii hapa ukutani.” Mwanafunzi huweka kamba yake, akaandika. Hapo mwenye elimu ya darasani hujifunza kwa asiyekwenda chuoni, na ujuzi wa mwenyeji, ambao ungepotea pamoja naye, huandikwa katika ramani ukawafaa wote.

Tena liko jambo la mboga. Ukingoni mwa mito hiyo watu hulima mchicha na mboga nyingine, maana maji yapo hata kiangazi na wanunuzi wako karibu. Mwaka 1999 wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza habari za mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Walikuwa wamezipima, wakaona ndani yake madini kama risasi na kadimi. Mchicha wenye madini hayo huweza kuwa bila dalili yoyote. Huweza kuwa wa kijani na wenye afya kwa kuutazama. Kuosha huondoa tope, na kupika huua vijidudu, lakini hakuna moto wa jikoni uwezao kuiunguza risasi. Dawa yake ni moja tu, nayo ni kuuzuia uchafu huko utokako. Na huko utokako hupajui ila kwa kupima.

7. Kazi ya kila mtu

Tanzania bara imegawanywa katika mabonde makubwa 9 ya kusimamia maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, kazi za kudumu au zinazoweza kuuharibu. Sheria hiyo ni njema, lakini sheria haina macho. Macho yake ni wale wapimao na kuandika, na mikono yake ni wale wazibuao mitaro yao kabla ya masika.

Haba na haba hujaza kibaba. Nayo maganda na mifuko, moja moja, huujaza mtaro. Mtoto wa Kariakoo anayetupa mfuko mtaroni hauoni tena, akadhani umekwisha. Haukwisha. Umekwenda Jangwani kumngoja mtoto mwingine, ambaye nyumba yao iko chini kuliko yake, na ambaye usiku wa mvua atalala juu ya meza.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya bonde la mto.
2. Kwa nini mvua ile ile huleta mafuriko mjini lakini haileti msituni?
3. Kwa nini chungwa hutumika kupima mwendo wa maji badala ya jani?
4. Chungwa limepita meta 10 kwa sekunde 25. Mto una upana wa meta 3 na kina cha meta 0.4. Ni lita ngapi zipitazo kila sekunde?
5. Kwa nini mpimaji huchukua chupa mbili, juu na chini ya mtaro?
6. Wadudu wa mtoni hujua nini ambacho mashine huenda isikijue?
7. Pimeni urefu na upana wa paa la darasa lenu. Ikinyesha mvua ya milimeta 20, paa litatoa lita ngapi?
8. Siku ya mvua, simameni barazani mkatazame maji ya uwanja wa shule yaendako. Msiingie mtaroni wala msiyaguse maji yake. Mvua ikiisha, choreni ramani ya njia ya maji hayo mpaka yanapotoka katika uwanja, kisha mwulizeni mzee wa mtaa huko mbele huelekea wapi.